Ng'ombe Niliowapokea kwa Binti wa Wenyewe

Nilipaswa kukataa. Kazi niliyoitiwa Suneka ilikuwa imekwisha. Ng'ombe nilishampandisha, mikono nilishanawa, mtungi wa mbegu za fahali ulikuwa umefungwa nyuma ya pikipiki. Mwenye boma, Mzee Matundura, mteja wangu wa miaka mingi, akanishika kiwiko akaniambia niingie ndani kidogo kwa sababu chai ilikuwa tayari. Nikaingia. Nikamkuta mwanawe Onsongo ameketi na Marit, msichana wa Kizungu niliyemfahamu, wote wawili migongo wima kama watu wanaosubiri kusomewa hukumu.

Mzee akanieleza shida yao. Vijana walitaka kuoana. Yeye hakuwa na neno, ila hangeweza kumwita mwanamke mke wa mwanawe kabla ng'ombe hawajatoka bomani mwake, na msichana hakuwa na mtu wa kuwapokea. Baba yake alikwisha kufa huko kwao Norwe. Hakuwa na mjomba wala kaka. Kisha akaniuliza kama ningekubali kuwa baba yake.

"Ni kuketi tu, daktari," akasema. "Unaketi, unapokea, tunakula, basi."

Nikakubali kabla chai haijapoa.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaozunguka Nyansiongo na Kisii nzima mkiwapandisha ng'ombe kwa mirija. Wengi wenu hunisimamisha barabarani kuniuliza siri za kazi hii. Siri ni chache, nami nitazitoa, lakini mtanivumilia nikichanganya habari za ng'ombe na habari za nyumba yangu. Mimi mwenyewe nilizichanganya ndiyo maana nimefika hapa nilipo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Arasa, mtu mfupi mwenye mkono mrefu. Zamani idara ya mifugo ilitupatia gari, na wakulima walileta ng'ombe wao kwenye vibanio vya miti kando ya barabara. Ukichelewa unawakuta wamekasirika, ng'ombe na wenye ng'ombe. Siku hizi mkulima anakutumia picha kwenye simu akitaka umwambie kama ng'ombe wake yuko tayari. Picha haisemi. Mwambie atazame ni yupi anayesimama akitulia anapopandwa na wenzake, maana huyo ndiye. Akimwona asubuhi, nenda jioni. Akimwona jioni, nenda asubuhi. Mrija ukishautoa kwenye baridi, uyeyushe kwa maji ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, ukaushe vizuri, halafu uuweke kifuani ndani ya shati ukienda zizini. Nilicheka Mzee Arasa aliponionyesha hilo. Akaniambia kwamba mbegu ikipata baridi mara ya pili hufa, na mkulima hatalaumu upepo, atakulaumu wewe.

Watoto wa Nyansiongo walikuwa wakiniita fahali wa pikipiki. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikawa napiga honi nikipita.

Amri kubwa ya Mzee Arasa ilihusu chai. Ukimaliza, alisema, nawa, andika, ondoka, usikae kunywa chai ya watu. Nilidhani ni uchoyo wa muda mpaka siku moja nilipoketi kwenye boma la bwana mwenye wake wawili. Kikombe cha kwanza hakijaisha, mke mkubwa akaniomba niseme ndama atakayezaliwa ni wa nani, kwa kuwa ng'ombe alinunuliwa na mdogo lakini analishwa na yeye. Nilijaribu kuwa na busara. Nilitoka pale jioni, na kwa mwaka mzima kila mmoja wao alinitangaza sokoni kwamba nimelishwa na mwenzake. Mzee Arasa alipopata habari hakunionea huruma. "Wewe uliitwa na ng'ombe," akasema. "Mambo ya watu ulitafuta mwenyewe."

Makosa ya mkono nayo niliyafanya. Mjane mmoja wa Ekerenyo aliniita akisema ng'ombe wake amepata joto. Nilikuwa na haraka, sikupapasa tumbo la uzazi vizuri, sikumuuliza aliwahi kupandishwa lini. Kumbe alikuwa na mimba changa. Niliiharibu kwa chuma changu mwenyewe. Yule mama hakunitukana. Alifunika kilichotoka kwa jani la mgomba akaniuliza kama nitakula. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuuliza kwanza. Niliuliza kila kitu kuhusu kila ng'ombe. Kuhusu binti niliyejifanya baba yake, sikuuliza hata moja.

Marit alifika Nyansiongo kama mgeni wa kikundi cha akina mama wafugaji. Alikuwa amelelewa kwenye shamba la maziwa, akataka kuona sisi tunafanyaje. Wakanipa nimzungushe. Nilitarajia mtu wa kupiga picha, lakini alivaa glavu, akaingiza mkono, akafumba macho, akaniambia yai la upande wa kushoto limeiva. Alikuwa sahihi. Akina mama walishangilia kana kwamba wao ndio waliomfundisha. Alikuwa na Kiswahili cha vitabu, na Ekegusii chetu alikiokota zizini, kwa hiyo alijua kutukana ng'ombe kabla hajajua kusalimu wazee. Moraa, mke wangu, alimpenda. Marit aliniita *tata*, yaani baba, kama wanangu walivyoniita, na mimi nikaitika.

Onsongo alikuwa dereva wa gari la maziwa lililopita Nyansiongo kila asubuhi. Mimi ndiye niliyewajulisha. Marit aliporudi safari ya pili hakuja tena kwa ajili ya ng'ombe.

Alikuja kwa ruhusa ya mtalii. Hilo ndilo neno ambalo sikulipa uzito, nami nataka mlishike ninyi ambao siku hizi mnapendana na watu wa mbali kupitia simu. Ruhusa ya mtalii ni ruhusa ya kutembea. Ina siku zake, na ukiomba huongezwa, kisha huisha. Unaweza kuoa au kuolewa ukiwa nayo, sheria haikatazi, lakini msajili wa ndoa atataka barua ya kutoka kwao kwamba hana mume wala mke mwingine, na tangazo litakaa ubaoni kwa muda wake. Na hata cheti kikitoka, ndoa ni jambo moja na kukaa nchini ni jambo jingine. Kuna ombi lake la pekee. Onsongo alikwenda ofisini mara moja, akaambiwa hayo yote, akarudi akisema ile barua ya Norwe itachukua muda, basi tuanze na ya nyumbani. Ya nyumbani ndiyo ile iliyohitaji baba.

Siku ya kuwachagua ng'ombe nilikwenda Suneka kama wafanyavyo watu wa upande wa msichana. Hapo nilifurahi kuliko inavyofaa. Mzee Matundura alijaribu kuniingiza ng'ombe mmoja mwenye chuchu iliyokufa, nikamwambia taratibu kwamba mama wa huyo nilimpandisha mimi, naye alikuwa na kasoro hiyo hiyo. Wazee wakacheka mpaka mmoja akatoa miwani kufuta machozi. Tukakubaliana watano. Wawili kati yao walikuwa kazi ya mkono wangu, akiwemo mtamba mwenye alama nyeupe usoni. Marit alimwita Nyota.

Lori liliwashusha bomani kwangu Nyansiongo. Moraa alipika, mchungaji akaomba, mimi nikaketi kwenye kiti chenye mto. Nilipoulizwa kama huyu ni binti yangu na kama nimewapokea ng'ombe wake, nilijibu ndiyo, kwa sauti. Marit alikuwa amefungwa leso kiunoni, analia na kucheka. Jioni nilimuuliza ng'ombe wake niwafanyie nini. Akasema, "Wakae kwako, tata. Baba ndiye hukaa na ng'ombe."

Hawakukaa. Mwanangu Ombati alikuwa anaishi na msichana wa Ekerenyo, Kerubo, na walikuwa na mtoto, Nyaboke, anayejifunza kusimama. Sikuwa nimepeleka hata mbuzi mmoja. Baba yake Kerubo alikuwa amenitumia ujumbe mara nyingi, wa mwisho ukiwa mkali: au ng'ombe waje, au msichana arudi. Na kwetu mnajua ilivyo. Ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka. Ombati alisimama ukingoni mwa zizi akiwatazama wale watano, nami sikuhitaji aseme neno. Nikajiambia kwamba ikiwa mimi ni baba wa Marit, basi Ombati ni kaka yake.

Wote watano wakaenda Ekerenyo. Baba yake Kerubo aliwapapasa migongo mmoja mmoja, akanikumbatia. Nilirudi huko mara kwa mara, nikawapandisha bila malipo, kwa mirija bora niliyokuwa nayo, kwa kuwa walikuwa ng'ombe wa mwanangu. Nyota alizaa jike. Zizi la mkwe wangu likajaa, na maziwa yake yakawa yanawasomesha wadogo zake Kerubo.

Sasa nifike pale panaponinyima usingizi. Muda wa Marit ulikuwa umeongezwa mara moja na haukuweza kuongezwa tena. Barua ya Norwe haijafika. Alikuja peke yake kutoka Suneka, akaketi nami barazani nikisafisha glavu.

"Tata, siku zangu zinaisha," akasema. "Naweza kwenda nyumbani, nikachukue ile barua mwenyewe, niombe kurudi kama mke wa mtu. Au nibaki. Onsongo anasema wewe ndiye wa kuamua."

Nilijua jibu. Mtu yeyote anayeuliza kwanza angelijua. Lakini niliwaona ng'ombe watano kule Ekerenyo. Niliwaza kwamba akipanda ndege kabla hajapata mtoto, Mzee Matundura atahesabu kwamba mke ameondoka, na mke akiondoka bila mtoto, ng'ombe hudaiwa warudi. Nikaendelea kusugua glavu.

"Binti aliyetolewa ng'ombe hafukuzwi," nikamwambia. "Nani atakutafuta Suneka? Kaa na mume wako."

Akaniamini. Aliniamini kwa sababu nilikuwa baba, na mimi nilijibu kwa sababu nilikuwa baba wa mtu mwingine.

Hakuna aliyekuja kumtafuta, hilo nilisema kweli. Alifuga kuku, alilima kitunguu, akawafundisha akina mama wa Suneka kutengeneza jibini ambayo watu walikula kwa heshima tu. Mtoto hakuja. Zaidi ya mwaka ukapita. Kisha mama yake akaugua akafa huko kwao, na mtu hawezi kuambiwa asiende kumzika mama yake. Kwenye uwanja wa ndege, afisa alifungua pasipoti yake, akatazama tarehe, akamwita pembeni. Alitozwa faini, akaruhusiwa kupanda ndege, na jina lake likawekwa alama. Tangu hapo kila alipoomba kurudi alikataliwa. Onsongo alisema walimtendea kwa adabu kabisa. Sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi.

Walizungumza kwa simu kwa muda mrefu. Onsongo aliomba kwenda kwao, naye akakataliwa, maana dereva wa maziwa hana kitu cha kuwaonyesha kwamba atarudi. Simu zikawa fupi. Baba yake akaanza kuzungumzia msichana mwingine.

Mzee Matundura alikuja Nyansiongo na wazee wawili. Moraa alileta chai, hawakuigusa. Nikamkumbuka Mzee Arasa.

"Daktari, sikuja kugombana," akasema. "Mke wa mwanangu amerudi kwao. Nimekuja kwao."

"Kwao ni Norwe, mzee," nikamwambia.

"Norwe sikupeleka ng'ombe. Nilileta hapa, na mwenye mkono wa kupokea ni wewe. Mtoto hakuacha. Ng'ombe warudi, pamoja na waliozaliwa."

Mmoja wa wale wazee, yule aliyefuta miwani siku ya kuchagua, akasema ni afadhali nimpandishe ng'ombe polepole siku nyingine. Wenzake hawakucheka, na yeye pia hakukusudia tucheke. Kila ndama aliyezaliwa Ekerenyo nilikuwa nimemweka kwa mkono wangu, na sasa kila mmoja wao alikuwa anadaiwa.

Moraa alisema tuuze kipande cha shamba. Kipande chenyewe kilikuwa cha Ombati, nami sikuwa na uso wa kumwambia. Ombati alikuwa fundi wa umeme, na wiki hiyo alikuwa Keroka kwa kazi. Ningemsubiri. Ningekaa na mwanangu, nikamweleza, tukatafuta ng'ombe wengine pamoja, hata kama ni kwa miaka. Mzee Matundura angengoja, hakuwa mtu mbaya. Lakini niliona aibu mbele ya mtoto wangu, nikapanda pikipiki nikaenda Ekerenyo peke yangu.

Nilidhani ninakwenda kukopa. Nilimwomba mkwe wangu anirudishie watatu kwa muda tu, nikimaliza jambo la Suneka nitawaleta wengine. Nilieleza vizuri, tangu mwanzo, sikuficha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho. Mkewe aliyekuwa mlangoni akaondoka bila kelele.

"Unajua ulichosema?" akaniuliza.

Nikamwambia nimesema kukopa.

"Mzee mzima unajua. Baba wa mume akija kwa baba wa mke kutaja ng'ombe, hajaja kukopa. Amekuja kuvunja. Na kumbe walikuwa wa mtu mwingine. Binti yangu alitolewa ng'ombe wa Mzungu aliyeondoka. Wachukue wote, daktari. Usiache hata yule wa Nyota. Kesho nitamfuata mwanangu."

Nilimsihi. Nilishika hata magoti yake, mimi na mvi zangu. Alisema hana hasira na mimi, ila hawezi kulala akijua kwamba kitandani kwa binti yake pamefungwa kamba ya ng'ombe wa mtu wa Suneka.

Kesho yake walikuja na gari dogo. Kerubo alikunja nguo bila kunitazama. Alimfunga Nyaboke mgongoni, na mtoto akanipungia mkono kama alivyozoea nikipiga honi. Moraa alishika lango mpaka gari likapotea kwenye majani ya chai, halafu akaendelea kulishika.

Ombati alirudi kutoka Keroka jioni, amebeba mkate na viatu vidogo vya mtoto. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe nje ya nyumba yake, milango imefunguliwa. Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kama baba yake Kerubo alivyonisikiliza, mpaka mwisho.

"Ulikwenda bila kuniambia," akasema.

"Niliona aibu, mwanangu."

"Ulimwogopa nani? Mimi?" Hakupaza sauti. "Ungeuza shamba langu, tata. Ningekupa."

Alikwenda Ekerenyo mara tatu. Mara zote alipewa chakula, akapewa mtoto ambebe, akarudishwa. Mkwe alitaka ng'ombe wapya, na wale wa zamani walikuwa wamekwisha kupanda lori kwenda Suneka. Mimi ndiye niliyewapakia. Nyota aligoma kupanda, nikamshika pembe nikamsemesha, akaingia. Wale ng'ombe walimwolea Onsongo mke mwingine, na nasikia anaishi naye vizuri.

Ombati akaondoka kwenda Nakuru. Humpigia mama yake simu siku ya Sabato baada ya kanisa, nami hutoka nje ili azungumze kwa raha. Kerubo aliolewa mbali, na Nyaboke alikwenda naye.

Mwaka jana Marit alinitumia ujumbe kwa simu. Aliniuliza hali, akaniuliza kuhusu mama Ombati, kisha akaandika, "Tata, Nyota amezaa wangapi sasa?" Nilikaa nayo simu ile mkononi siku nyingi. Mwisho nilimwandikia kwamba nilimshauri vibaya, na kwamba angalikwenda siku ile aliponiuliza angalikuwa hapa. Sikumwandikia kwa nini nilimshauri hivyo. Bado sijapata maneno ya kulisema hilo.

Kwa hiyo vijana, mkono wenu uwe msafi, mrija uwe wa uvuguvugu, na ulizeni kabla ya kuingiza kitu chochote mahali popote. Na mtu wa mbali akikuuliza kama siku zake zikiisha aende au akae, mwambie aende, akaombe, arudi kwa mlango. Kama kuna faida yako yoyote katika jibu lake, mpeleke kwa mtu mwingine akamjibu. Mkiitwa ndani kunywa chai, ninyi mtaamua.

Mimi nilikunywa. Nilikuwa na mwana mmoja wa kiume, mkaza mwana aliyenipikia, na mjukuu aliyeijua honi yangu. Ombati hajaniita tata tangu siku ile alipokuwa juu ya jiwe, na Nyaboke anamwita tata mtu nisiyemjua.